Wanalipa ili wapewe jembe

Magari yalikuwa yanaanza kuingia Jumapili saa tisa alasiri. Kwanza unaona vumbi kule bondeni, halafu unasikia mbwa wa nyumbani, halafu milango inafunguliwa na watu wanashuka wakijinyoosha migongo. Mimi nilikuwa nasimama barazani na sinia la maji ya limau. Nilifanya kazi pale majira mawili ya kiangazi, jikoni na vyumbani, katika ranchi ya wageni huko Wyoming chini ya milima ya Bighorn, na swali la kwanza la mgeni lilikuwa karibu lilelile kila wiki: je, tutaruhusiwa kuswaga ng'ombe?

Kuruhusiwa! Mimi ni mtoto wa Magu, Usukumani, mkoa wa Mwanza. Kaka zangu waliswaga ng'ombe kabla hawajajua kusoma, na siku ng'ombe walipoingia kwenye pamba ya mtu, jioni hawakuulizwa maelezo, walikula fimbo. Sasa namwona daktari wa meno wa Chicago, mtu mzima mwenye mvi, anaomba kwa upole kama naye atapata nafasi ya kutembea kwenye vumbi nyuma ya mikia ya ng'ombe. Sikucheka. Kitu kilinigusa, na nimekibeba tangu siku hiyo mpaka leo ninapoishi Denver na kutunza wazee kwa kazi.

Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale walilitaka jembe tangu siku ya kwanza, na walililipia. Wakati ule, wiki moja kwa mtu mzima ilizidi dola 2,000, chakula na farasi vikiwemo.

Ukitaja ranchi Tanzania, mtu anawaza Kongwa: ng'ombe wengi, uzio, serikali. Hizi ninazozisema ni nyumba za watu. Familia ina ng'ombe wake, farasi wake na nyasi zake, na kuanzia Juni mpaka Septemba inapokea wageni kwa wiki nzimanzima. Kila mgeni anapewa farasi mmoja atakayekuwa naye hadi anaondoka, na hapewi hivihivi. Wanamwangalia kwanza anavyokaa kwenye tandiko, asiyejua anapewa farasi mzee mtulivu. Alfajiri vijana wanatoka kwenda kuwaleta farasi kutoka malishoni, na wewe ukiwa bado kitandani unasikia ardhi inaguruma. Vyumbani hamna televisheni. Jioni ni moto, hadithi, na nyota nyingi kama za Magu umeme ukikatika. Kuna kuvua samaki mtoni pia, ila samaki akinaswa anatolewa ndoano taratibu na kurudishwa majini. Nilipomsimulia mjomba wangu hilo la samaki aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Lakini nataka nieleze jioni moja, maana ndiyo iliyonifundisha. Ilikuwa Julai, nyasi za kuwalisha mifugo wakati wa theluji zimeshakatwa na kufungwa marobota, zimelala shambani. Tulikuwa tunapakua chakula cha jioni wingu zito likatokea magharibi. Mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini hivi, aliinuka mezani bila kusema neno, akachukua glavu zake na kutoka. Mkewe akafuata. Wageni wakatazamana, kisha mmoja akaweka uma chini, wa pili, wa tatu, na muda si mrefu meza yote ikawa tupu. Walibeba marobota mpaka giza likaingia, wengine wamevaa viatu vya kutembelea mjini, mikono inachubuka. Mvua ilipoanza walikuwa wanamalizia trela la mwisho. Waliporudi, nyama imepoa, hakuna aliyelalamika, na yule daktari wa meno alikula ameshika mkate kwa vidole vyenye malengelenge huku anaulizia kesho wataanza saa ngapi.

Yule mzee hakumfanyia mgeni maonyesho. Angeziokoa nyasi zake hata kama nyumba ingekuwa haina mgeni hata mmoja. Mgeni alikuwa ameingia kwenye maisha ya mtu, na mtu huyo hakuyaonea aibu maisha yake. Hicho ndicho wanachokilipia kule.

Na biashara hiyo ilianza kwa namna ambayo sisi tunaielewa vizuri kuliko mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ndugu watatu wa ukoo wa Eaton, waliotoka Pittsburgh, walikuwa na ranchi huko Dakota. Jamaa na marafiki wa mjini wakawa wanakuja kuwatembelea. Wanakula, wanapanda farasi, wanakaa wiki, wanakaa mwezi. Nyumba ikaelemewa. Wageni wenyewe ndio waliosema haifai, tulipe. Halafu ukaja msimu wa baridi wa 1886 hadi 1887, ng'ombe wakafa kwa wingi katika nyanda zile za kaskazini, na wafugaji wengi wakafilisika. Nyumba yenye wageni ilikuwa na mguu wa pili wa kusimamia. Mwaka 1904 akina Eaton walihamia Wolf, Wyoming, na mwaka 1926 wenye ranchi za namna hiyo wakaunda chama chao.

Nyumba iliyoelemewa na wageni! Nani Usukumani haijui? Mama yangu mkubwa hajawahi kumwacha mtu apite kwake bila kuchinjiwa kuku. Akikosa kuku anaazima kwa jirani. Wanafunzi, watafiti, watu wa miradi, rafiki wa rafiki, wote wamekula pale, wamepiga picha, wamesema asante sana mama. Na ukame ukija, kama ulivyowahi kuja mara nyingi, ng'ombe wakaanza kulala chini wasiinuke, yeye hana mguu wa pili.

Mwaka jana Julai nilikwenda nyumbani. Nilikaa kwa mjomba, upande wa Ghuba ya Speke, mahali ambapo mawe makubwa yamepandiana kama yamepangwa na mtu na Ziwa Victoria liko chini yake. Kabla jua halijatoka mjomba alishawasha moshi wa samadi zizini kufukuza nzi. Ukungu wa ziwani, moshi, harufu ya maziwa ya moto. Anakama huku anaongea na ng'ombe kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kila mmoja na jina lake. Saa nne hivi tuliwapeleka ziwani kunywa maji. Njia inapita kwenye ngitili yake, ile sehemu ya malisho inayofungwa masika yote ili kiangazi kisimkute mtu mikono mitupu. Nyasi za njano zinafika kiunoni, na ndege ambao majina yao nayajua kwa Kisukuma tu. Wazee wetu walihifadhi mazingira kwa ngitili kabla ya mradi wowote kuja na bango lake. Usiku, taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani, ungedhani kuna mji umeelea huko.

Nilikaa juu ya jiwe nikahesabu moyoni. Farasi hawapo. Vingine vyote vipo, na ziwa juu yake.

Lakini utalii wa kwetu unapitaje? Magari yanatoka Mwanza yanaelekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti, yanapita Magu vioo vimefungwa. Mgeni anayelala Mwanza anaonyeshwa Jiwe la Bismarck, pengine anavushwa kwenda kisiwa cha Saanane, na ni vizuri aone. Mwenye uwezo zaidi anakwenda kisiwa cha Rubondo, hifadhi tangu 1977, akaone nzohe, swala wa majimaji, na sokwe. Katikati ya mji na hifadhi kuna watu, na hao hawamo kwenye safari.

Tena kuna jambo lililoniuma. Siku mbili kabla sijaondoka nilichukua chumba katika hoteli moja ya ufukweni mjini, nikamwalika mjomba tule sato pamoja. Alikuja amevaa lubega lake jipya na katambuga. Mlinzi alimzuia getini. Nilimkuta amesimama juani upande wa pili wa barabara, fimbo mkononi, anasubiri kwa subira ileile anayosubiri nayo ng'ombe wanywe. Ukutani mapokezi palikuwa na picha kubwa ya mchunga ng'ombe wa Kisukuma, mavazi kama yake. Kule Wyoming mwenye ng'ombe anakaa kichwani mwa meza. Kwetu yuko ukutani, na mwenyewe yuko nje ya geti. Hilo sikulisahau na silisamehe haraka.

Sisemi tuwaige Wamarekani. Sitaki kuona kofia za cowboy na farasi wa kukodi Kisesa. Kule nako kuna doa: ardhi ile chini ya Bighorn ilikuwa nchi ya watu wa Crow na Cheyenne, na katika majira yangu mawili pale sikusikia jina lao likitajwa kwenye moto wa jioni. Sisi bado tuko juu ya ardhi ya babu zetu, na ninachoogopa ni viwanja vya ufukweni vinavyouzwa kimoja baada ya kingine, mpaka siku ng'ombe wakose njia ya kufika majini. Mwenye ardhi ya kando ya ziwa anayesoma haya, usiuze. Kodisha chumba, uza chakula, uza siku zako. Ardhi ibaki.

Ninachotaka ni kwamba nyumba kama ya mjomba ipokee watu wanne au sita kwa wakati mmoja, walipe vizuri, na fedha ibaki pale. Waje Novemba washike plau nyuma ya maksai. Waje Julai waende ngitili. Mwezi wa sita waende Bujora kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Kisukuma, waone vikundi vya Bagika na Bagalu wanavyoshindana, waone Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotoka shambani, halafu kesho yake walishike jembe lenyewe. Wale michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, maziwa mgando, dagaa wabichi waliovuliwa usiku huohuo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo hata nyumba za Sengerema zinafikika bila kusubiri kivuko. Watoto wawe shuleni, hilo nasisitiza. Asitolewe mtoto darasani ili mgeni apate mtu wa kupiga naye picha.

Na tuwe wakweli kuhusu maji. Kule Wyoming hakuna aliyepanda farasi kabla ya kusaini karatasi na kufundishwa, na mtoto hakupanda bila kofia ngumu. Mwanzoni niliona ni woga, baadaye nikaona ni heshima kwa uhai wa mtu. Ziwa letu lina kichocho, lina mamba na viboko, lina mawimbi yanayoinuka bila taarifa. Mgeni aambiwe wapi haogi mtu. Hakuna kupanda mtumbwi bila jaketi okozi, mgeni na mwenyeji pia, hata kama ni kwenda pua na mdomo. Sisi watu wa Mwanza tuliobaki na majina ya waliozama na meli ya MV Bukoba, Mei 1996, hatuhitaji kuelezwa sababu.

Kuna kitu kimoja ambacho sitaki kibadilike hata wageni wakilipa dola ngapi. Kule, Jumamosi saa nne asubuhi wageni wanaondoka, na saa nane mimi nilikuwa nimeshatandika shuka mpya. Tulipungiana mikono, magari yakashuka bondeni, basi. Kwetu mgeni anasindikizwa. Nilipoondoka Magu mjomba alitembea nami mpaka barabara kuu, karibu saa nzima, begi langu akilibeba begani na kuku wa mama mkubwa akiwa kwapani mwangu, ingawa wote tulijua kuku hapandi ndege. Alisimama mpaka daladala likapotea. Hiyo haina bei, na isiwekwe kwenye bei.

Nilimweleza mpango wote tukiwa njiani siku ile. Alinisikiliza kimya, halafu akauliza, "Hao watu wako, ng'ombe wakinywa wanaweza kunyamaza?" Nikamwambia wanafundishika. Hakusema zaidi.

Wiki mbili zilizopita alinitumia sauti kwenye simu. Nyuma yake mbuzi wanalia na mtu anapiga nyundo. Anasema vyumba viwili amevisimamisha karibu na lile jiwe kubwa, vya udongo na nyasi kama vya baba yake, ila madirisha ameyaweka makubwa yaelekee ziwani. Choo kimechimbwa. Anachotaka kujua ni kitanda cha mtu mrefu kiwe futi ngapi, maana fundi anasubiri.