Kabla ya kuuliza bei ya valvu mpya, uliza ilijaribiwa kwa nani

Kila utafiti mkubwa wa valvu za moyo unapotangazwa, watu hukimbilia asilimia. Mimi huanza na jedwali la kwanza, ambalo wengi hulipita tu: umri wa wagonjwa, maradhi yao mengine, na nani hakuruhusiwa kushiriki.

Valvu ya aota ndiyo mlango wa mwisho ambao damu hupita ikitoka moyoni kwenda mwilini. Ikikakamaa, moyo husukuma kwa taabu kupitia tundu dogo, na mgonjwa huanza kuishiwa pumzi, kubanwa kifua, hata kuzirai. Hakuna kidonge cha kuifungua. Dawa za kushusha kolesteroli zilitegemewa sana, lakini utafiti wa SEAS wa mwaka 2008, wenye wagonjwa 1,873, ulionyesha kwamba haziizuii valvu kuendelea kusinyaa. Dawa ya kweli ni kuibadilisha.

Ndiyo maana namheshimu sana Alain Cribier. Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, aliingiza valvu kupitia mshipa wa paja bila kupasua kifua cha mgonjwa. Siku hizi valvu hiyo hubanwa juu ya puto dogo. Inapofika mahali pake, moyo hupigishwa mbio kwa umeme kwa sekunde chache ili usiisukume nje, puto hujazwa, valvu hutanuka na kushika.

Utafiti wa PARTNER wa mwaka 2010 ulihusu watu 358 ambao madaktari waliona hawawezi kuhimili upasuaji. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lililopewa matibabu ya kawaida walikuwa wamefariki asilimia 50.7, katika kundi la valvu mpya, asilimia 30.7. Hapo sina ubishi hata kidogo.

Mwaka 2019 ukaja PARTNER 3, safari hii kwa watu 1,000 wenye hatari ndogo ya upasuaji. Katika mwaka wa kwanza, waliofariki, kupata kiharusi au kulazwa tena walikuwa asilimia 8.5 kwa njia ya mshipa na 15.1 kwa kupasuliwa kifua. Ilipotimia miaka 5 ilikuwa 22.8 kwa 27.2, na tofauti hiyo kitakwimu haitoshi kutangaza mshindi. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 73. Kwa mzee wa umri huo, kupona haraka bila kidonda kifuani ni neema. Kwa mama wa miaka 35 mwenye watoto wadogo, miaka 5 ni michache mno, kwa sababu valvu hizi hutengenezwa kwa utando wa moyo wa mnyama, na utando huo huchakaa.

Tena ugonjwa wenyewe si uleule. Majaribio hayo yalihusu valvu zilizojaa chokaa kwa uzee. Huku kwetu, vijana wengi wenye valvu mbovu waliumizwa na homa ya rumatiki, iliyoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni. Valvu zao mara nyingi hazina chokaa ya kuishika ile mpya, huvuja huku zimesinyaa, na mara nyingi valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, nayo imeharibika. Utafiti wa REMEDY, uliofanyika zaidi Afrika, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa wa rumatiki ni miaka 28.

Atakayesema matokeo ya nchi tajiri yatatufaa vilevile, namwelekeza kwenye INVICTUS, utafiti wa mwaka 2022 kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, katika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wengi walitarajia rivaroxaban, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, isishindwe na dawa za zamani za kazi hiyohiyo, za kundi la warfarini. Ilishindwa, na waliotumia dawa hizo za zamani walifariki wachache zaidi.

Wala tusiambiwe utafiti mzito hauwezekani huku. Kaskazini mwa Uganda, utafiti wa GOAL ulifuatilia kwa miaka 2 watoto 818 wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki wa hatua za mwanzo. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8, kwa wasiochomwa, asilimia 8.2.

Basi nataka utafiti wa namna hiyo kwa valvu zenyewe: wagonjwa wa rumatiki wa miaka 20 hadi 50, wafuatiliwe miaka 10 na zaidi, na pamoja na vifo zihesabiwe mimba zilizobebwa salama, gharama za kliniki, na valvu zilizolazimika kubadilishwa mara ya pili. Hospitali inayonunua valvu za mshipa leo ianze kuandikisha taarifa hizo kwa mgonjwa wake wa kwanza.