Fizikia ya Kidato cha Tatu na Foleni ya Muhimbili

Sebuleni kwa dada yangu, Mbagala, ukuta wa upande wa friji umebandikwa karatasi ya manila. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: MUHIMBILI 2029. Chini yake ratiba: saa kumi na moja alfajiri Kemia, jioni twisheni ya Hisabati, Jumamosi nzima Bayolojia. Mwenye ratiba ni mpwa wangu, yuko Kidato cha Pili. Fizikia haimo. Nilipouliza, dada akanijibu, "Mjomba, hiyo mwalimu wao kasema mwakani aiache, inamshushia wastani."

Nikavuta kiti. Mtoto anaamshwa kabla ya jogoo kwa ajili ya udaktari, halafu somo moja linaloweza kuufunga mlango wenyewe ndilo linaloachwa kwa ushauri wa mwalimu anayehesabu wastani wa darasa lake.

Swali la kama mtoto apangiwe njia ya chuo kikuu tangu sekondari ya chini limegawa wazazi wengi ninaowajua, na pande zote mbili zina hoja. Tuanze na wapangaji.

Muhimbili ilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam, ikapita mikononi mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha afya. Nafasi za shahada ya udaktari ni chache, wanaozitaka ni wengi, na foleni hupangwa kwa alama za Kidato cha Sita. Hakuna anayekuita umsimulie ulivyoanza kupenda utabibu ukiwa mdogo. Kwa hiyo, wanasema wapangaji, anayeshtuka Kidato cha Tano ameshachelewa. Na kweli, ile miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita si miwili: unaripoti Julai, mtihani ni Mei, na katikati kuna likizo. Katika muda huo mwanafunzi wa PCB anameza Fizikia, Kemia na Bayolojia, juu yake Hisabati ya ziada ile tunayoiita BAM, na bado anatakiwa ajue kusoma bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika maabara, bila mkono kutetemeka. Tangu 2022/2023 kuna pia Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Kwa familia inayoiwaza Bodi ya Mikopo usiku kucha, hilo si jambo dogo.

Lakini wengi wanaopanga hawajui wanapangia nini, kwa sababu nchi hii ina hesabu mbili za pointi na wazazi wanaijua moja. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5. Pointi chache ndiyo sifa, na jumla ya masomo matatu kuanzia 3 hadi 9 ni Divisheni ya Kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu inaigeuza: A ni 5, D ni 2, E ni 1. Miongozo ya Tume ya miaka ya karibuni inataka mwombaji wa udaktari awe na angalau pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Bayolojia, na asishuke chini ya D katika somo lolote kati ya hayo.

Sasa chukua watoto wawili. Wa kwanza ana D tatu. Kwa Baraza ni pointi 12, Divisheni ya Pili, mtaani hakuna atakayemchinjia kuku. Wa pili ana A ya Bayolojia, A ya Kemia, E ya Fizikia. Hiyo ni wani ya saba, yaani Divisheni ya Kwanza kwa pointi 7, picha yake inazunguka kwenye kundi la ukoo. Wa kwanza anaruhusiwa kuomba udaktari, hata kama foleni itamwacha. Wa pili, fomu yake haifiki popote, na si Muhimbili tu. Vyuo vingine vya udaktari, Bugando, KCMC na Dodoma, navyo vinafuata kiwango hichohicho. Kati ya E na D kunaweza kuwa na alama moja tu, 49 na 50.

Upande wa pili wana hoja ambayo mimi naiona nzito kuliko wanavyoisema wenyewe. Wao hulalamikia usingizi wa mtoto na utoto unaoibiwa. Sawa. Ila mimi ningeanza na lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali alisoma sayansi kwa Kiswahili. Darasa la sita alieleza usanisinuru mpaka mwalimu akampigia makofi. Kidato cha Kwanza, somo lilelile limekuja kwa Kiingereza, anaandika nusu ukurasa anaambulia alama mbili. Ukipanga maisha yake kwa matokeo ya mwaka ule, umepima Kiingereza chake ukadhani umepima akili yake ya sayansi. Wengi ninaowafahamu walianza kuielewa Fizikia Kidato cha Tatu katikati, lugha ilipotulia kichwani.

Halafu kuna shule zenyewe. Mpango wa ukutani unachukulia kwamba mwalimu wa Fizikia yupo na maabara ina vifaa. Mwenye mtoto Ilboru au Kibaha, shule za vipaji, anaweza kuchukulia hivyo. Kwenye shule nyingi za kata mwalimu ni mmoja kwa vidato vyote, na taitresheni, jaribio la Kemia la kutumia bureti, inachorwa ubaoni. Na wapinzani wananyoosha kidole kwenye jambo jingine ambalo wapangaji hawapendi kulisikia: miaka mitano ya shahada, mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, na bado wapo madaktari waliomaliza yote hayo wakingoja ajira mtaani.

Hoja yao ya mwisho ndiyo maarufu zaidi: kuna mlango wa pili. Mtoto akikosa Kidato cha Tano, aende chuo cha kati, asome stashahada ya utabibu miaka mitatu, afanye kazi kama tabibu, kisha akiwa na GPA ya 3.0 aombe udaktari. Njia hiyo ni ya heshima, na tabibu aliyewahi kushika zamu ya usiku zahanati ya kijijini huingia darasani akijua mgonjwa anafananaje.

Wanachosahau kusema ni kwamba mlango wa pili una kufuli lilelile la wa kwanza. Mwenye stashahada anayeomba shahada ya udaktari anatakiwa aonyeshe pia cheti cha Kidato cha Nne chenye angalau D ya Hisabati, Kemia, Bayolojia, Fizikia na Kiingereza. Kuingia stashahada, ufaulu wa Hisabati umekuwa ukihesabiwa kama nyongeza tu. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma miaka mitatu, akafanya kazi mitano, akaja kukwamishwa na F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Na Hisabati ndiyo watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne huifeli mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana siungi mkono karatasi ya manila, na wala simsikilizi anayesema mtoto aachwe, atajijua mbele. Mengi yanaweza kungoja. Tahasusi yenyewe, yale masomo matatu ya Kidato cha Tano, inangoja: matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo, na aliyejaza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akaona Kemia imembeba anaweza kuhama. Ila kwa mtaala anaosoma mpwa wangu, Fizikia na Kemia ni lazima hadi Kidato cha Pili, kisha zinakuwa hiari. Ukiiacha Fizikia hapo, hakuna dirisha litakalofunguliwa. Utarudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukitafuta maabara ya kufanyia vitendo. Wadogo zake wa mtaala mpya wanaulizwa mapema zaidi, mkondo wa jumla au wa amali, yaani wa ufundi, wakiwa Kidato cha Kwanza, na hilo linanipa wasiwasi ambao sijaumaliza.

Kwa hiyo ningelinda vitu viwili, Fizikia isiachwe na Hisabati isifelishwe, hata kwa C za kuungaunga, mengine mtoto apumue.

Nilimweleza dada haya yote, na pointi nikamwandikia nyuma ya risiti ya duka. Amekubali Fizikia iingie, Jumanne na Alhamisi, na ataenda mwenyewe kumwona mwalimu. Alfajiri tumeifuta. Jumamosi aligoma kuiachia. Tumekubaliana iishie saa sita mchana. Nimefika stendi ya Rangi Tatu ndipo nikakumbuka kwamba muda wote ule mtoto alikuwa jikoni anakuna nazi, na si mimi wala mama yake aliyemwita kumuuliza kama udaktari anautaka.