Joto Kali Zaidi Si Lazima Liwe Joto Bora

Anayebuni injini ya joto inayoendeshwa na miale ya jua iliyokusanywa kwa vioo huanza na kanuni aliyoiweka mhandisi Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824: upande wa moto ukizidi kuupita ule wa baridi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyoweza kugeuzwa kuwa kazi. Wengi huhitimisha hapo hapo kwamba kipokezi, yaani pale miale inapotua, kipashwe moto hadi mwisho wa uvumilivu wa chuma. Hoja hiyo si ya kubeza, kwani mwaka 2008 sahani ya vioo yenye injini ya Stirling (inayoendeshwa na gesi iliyofungiwa ndani, ikipashwa moto na kupozwa kwa zamu), iliyojaribiwa katika maabara ya Sandia huko New Mexico, iligeuza asilimia 31.25 ya nishati ya jua kuwa umeme wa gridi.

Hata hivyo, Carnot anahesabu joto lililokwisha kuingia katika injini. Linalotoroka njiani halimhusu. Kipokezi nacho hung'aa kama jua dogo, na mnururisho wake hukua kwa kipeo cha nne cha joto lake halisi, yaani lile linalohesabiwa kuanzia sifuri kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri ya sentigredi. Katika nyuzi 565 za sentigredi, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha mitambo inayobeba joto la jua kwa chumvi iliyoyeyushwa, uso mweusi, yaani unaofyonza miale yote, hupoteza takriban kilowati 28 kwa kila mita ya mraba. Katika nyuzi 727 hupoteza 57. Upande wa baridi ukiwa nyuzi 40, kikomo cha Carnot kinapanda kutoka asilimia 63 hadi 69 tu. Sasa vioo vikikusanya miale mara 500 ya jua la kawaida, yaani takriban kilowati 500 kwa kila mita ya mraba, toa hasara hiyo kwanza ndipo uzidishe kinachobaki kwa kikomo cha Carnot: unapata takriban asilimia 59 dhidi ya 61. Nyuzi 162 zote hizo, pamoja na aloi (michanganyiko ya metali) ghali zinazohitajika kuzistahimili, zimeleta pungufu ya alama mbili! Na vioo vikikusanya mara 50 pekee, uso huo hauzifikii nyuzi 727 hata injini isipochota chochote.

Joto la kadiri, lisilo kali mno, lina jambo jingine ambalo hesabu ya ufanisi hailioni, nalo ni kwamba linawekeka akiba. Gemasolar, mtambo ulioanza kazi Hispania mwaka 2011, una akiba ya chumvi ya moto inayotosha kuzalisha umeme kwa saa 15 bila jua, wakati injini ya sahani isiyo na akiba hulegea mara wingu linapopita. Ni kweli kwamba chumvi ina adha zake: huganda ingali na nyuzi zaidi ya 200, hivyo mabomba hayana budi kupashwa moto usiku kucha, na tangi lililovuja mwaka 2016 liliusimamisha mtambo wa Crescent Dunes wa Nevada kwa miezi kadhaa. Lakini tangi linalovuja ni kazi ya mchomeleaji, ilhali kipeo cha nne hakina fundi.