Hakuna Aliyemwambia Zakayo Alipe

Mabishano ya sheria na neema makanisani mwetu hayaanzii kwenye vitabu vya theolojia. Huanzia kwenye baraza la wazee, pale mtu anapozuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Upande mmoja husema tuko chini ya neema, mwacheni Mungu aubadilishe moyo wake. Upande wa pili hujibu kwamba kanisa lisilo na nidhamu ni kanisa la jina tu.

Hofu ya wazee si ya kubuni. Paulo mwenyewe, baada ya kuhubiri neema kwa Warumi, alilazimika kulijibu swali hilihili: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" Leo wako wanaoshuhudia kila Jumapili kwamba wameoshwa, na majina yao bado yako kwenye daftari la madeni la mwenye duka. Mjane aliyeporwa shamba na shemeji aliyeokoka hasaidiki kwa kuambiwa kwamba Mungu huangalia moyo. Anataka "Usiibe" isomwe kwa sauti, shemeji akiwepo. Sheria humlinda mnyonge dhidi ya mtu ambaye bado hajabadilika, na watu wa namna hiyo tunao wengi.

Ila kumbadilisha mtu sheria haiwezi, na historia yetu inashuhudia. Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, haukuletwa na kanuni mpya. Watu walichomwa mioyo, wakaungama hadharani, wakarudisha walivyoiba. Waafrika na wamisionari Wazungu wakaombana msamaha, jambo ambalo hakuna baraza lingeweza kuliamuru. Lakini kufikia miaka ya 1960, kundi moja la ndugu wa uamsho huo nchini Uganda, Abazukufu, lilikuwa limeshajiwekea masharti makali, hata kukopa fedha likawa kosa. Naamini walikusudia mema: aliyeguswa kweli huogopa kudaiwa. Shida ni kwamba sharti unaweza kumrithisha mwanao, toba huwezi.

Kwangu mimi anayezisahihisha pande zote mbili ni Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko katika Luka 19. Torati, Hesabu 5, ilimtaka anayekiri dhuluma arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Kulipa mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza, Kutoka 22. Basi kwa kila 100 aliyodhulumu, Zakayo angeweza kutoa 120 na kujihesabu mwenye haki. Akaahidi 400, tena baada ya kuwapa maskini nusu ya mali yake. Na Yesu hakuwa ametamka neno juu ya fedha. Alisema tu kwamba leo imempasa kushinda nyumbani kwake.

Anayejificha nyuma ya neema ili asilipe hana pa kushika hapo, kwa maana neema ilizidisha malipo, tena kwa kipimo cha torati yenyewe. Anayeanza na adhabu naye hana: Yesu aliingia kwanza kwa mwenye dhambi, na watu wote wakanung'unika.

Ndiyo maana nasumbuliwa na namna tunavyomtendea binti aliyepata mimba nje ya ndoa. Anatengwa, kisha anasimamishwa mbele ya usharika atubu, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya kwa sababu mwili wake hauonyeshi kitu. Hiyo si neema, na hata sheria si sheria, maana torati haikumwacha mwanamume. Ningependa wazee wamtembelee binti nyumbani kabla ya kuandika barua yoyote, wakae naye, waombe naye. Kwa kijana pia waende, na huko wazungumze matunzo waziwazi, mbele ya wazazi wake, kwa kiasi na tarehe. Moyo wake tuuombee, lakini maziwa na kliniki ya mtoto visisubiri mpaka atakapoguswa.