Usafi wa Ulaya si uwekevu, na uwekevu wetu tunautupa

Kila nirudipo Tanzania kwa likizo kutoka Ujerumani, ninakoishi kwa mwaka wa kumi na moja sasa, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile: wenzetu wamefanyaje hata miji yao ikawa safi kiasi kile? Kwa miaka mingi nilijibu kama wengi wetu tulio ughaibuni tunavyojibu, kwamba wenzetu wamestaarabika na wanayajali mazingira kuliko sisi. Leo jibu hilo silikubali tena, na naona ni wajibu wangu kusema kwa nini, kwa kuwa sisi tulio nje husikilizwa sana nyumbani, na tukikosea, kosa letu huigwa.

Barabara safi haikuonyeshi mtu anatumia kiasi gani. Inakuonyesha tu kwamba kuna lori linalopita kwa wakati. Mkazi wa Ujerumani hutoa takriban kilo 600 za taka kwa mwaka, na hewa ukaa inayozalishwa nchini humo, ikigawanywa kwa idadi ya watu, ni tani kadhaa kwa kila mmoja, wakati Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mimi mwenyewe, nguo zisizonifaa huzitumbukiza katika sanduku la chuma lililoko kona ya mtaa wetu, na kwa muda mrefu sikujiuliza zinakwenda wapi. Sehemu ya nguo za namna hiyo hufungwa marobota yakaja Afrika, na zile zilizochakaa mno kuvaliwa huishia katika madampo yetu, kisha mgeni anayeziona huko hutuita wachafu.

Magharibi ya mji wa Köln kuna mgodi wa Hambach, shimo la makaa ya mawe lenye kina cha takriban mita 400. Nilikwenda siku moja nikasimama ukingoni, mahali palipotengwa kwa watazamaji. Ng'ambo ya shimo ilikuwa mbali hata miti iliyosimama kule ilionekana kama nyasi, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya upepo. Katika eneo hilo la migodi watu wamehamishwa vijiji vizima, na Januari 2023 polisi waliwaondoa kwa nguvu waliokuwa wakikizuia kijiji cha Lützerath kisimezwe na mgodi jirani wa Garzweiler. Ni haki kusema pia kwamba zaidi ya nusu ya umeme wa Ujerumani sasa hutokana na nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kama ya upepo na jua, na jitihada hiyo naiheshimu kwa dhati. Lakini utajiri uliojenga miji ile tunayoisifu ulitoka kwa sehemu kubwa katika mashimo ya namna hii, na hakuna anayetupeleka kuyaona tunapokwenda kutembea.

Sisemi kwamba sisi hatuharibu. Mkaa unamaliza misitu yetu, na lengo la serikali la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 halipaswi kubaki kwenye makaratasi. Hata hivyo tulikuwa na jambo moja tulilolifanya vizuri kabla ya kuambiwa na mtu yeyote: kitu hakikutupwa mpaka kiwe kimeshindikana kabisa. Aliyekwenda dukani kununua soda alikwenda na chupa tupu mkononi, na asiye nayo aliacha pesa ya chupa au alinywea pale pale barazani, akisimamiwa na mwenye duka. Chupa ile ya kioo ilirudi kwenye kreti, kreti ikarudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena, hata ikawa na mikwaruzo myeupe ubavuni kwa kusuguana na wenzake. Sasa chupa hiyo inaondolewa na ya plastiki, na mabadiliko hayo tunayaita maendeleo.

Wajerumani wenyewe ndio waliorudi kwenye utaratibu huo. Tangu 2003, chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji hutozwa amana ya senti 25 za Euro, ambayo mnunuzi hurudishiwa anapoitumbukiza chupa tupu katika mashine iliyoko dukani, na karibu chupa zote hurudi. Hazirudi kwa sababu ya ustaarabu. Zinarudi kwa sababu zina thamani. Mtu akiiacha chupa kando ya pipa, haipiti saa moja kabla mzee mwenye pensheni ndogo hajaichukua.

Tanzania ilionyesha inaweza, ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 na mifuko ile ikatoweka barabarani katika muda mfupi. Sheria ile haikuzigusa chupa. Naiomba serikali iwalazimishe wenye viwanda vya maji na soda waweke pesa ya chupa juu ya kila chupa ya plastiki, na wawajibike kuipokea inaporudi. Waokota makopo wanaopita mitaroni na viroba mgongoni tayari wanaifanya kazi hiyo, ila wanalipwa kwa kilo, na chupa tupu haina uzito.