Turudishe upenu

Februari mwaka huu nilifika kwa mama, Tanga, saa nane mchana. Nikapiga hodi mara tatu, kimya. Nikazunguka nyuma, nikamkuta kajinyoosha kwenye mkeka chini ya mwarobaini, ukili wake pembeni, leso kaikunja kuwa mto. Nyumba ya vyumba vinne, ambayo sisi wanawe tulichangishana miaka sita kuimaliza, ipo hapo hapo milango wazi, ndani hamna mtu. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona halali chumbani kwake. "Ndani hakukaliki, mwanangu. Moto, halafu kiza."

Nikaingia. Sebuleni taa zinawaka, saa nane mchana, jua la kaskazi nje linachoma mpaka mchanga unang'aa. Mapazia mazito yameshushwa madirisha yote. Feni inazunguka kwa nguvu, lakini inasukuma chini joto lile lile lililojikusanya juu. Nikapanda kiti, nikaweka kiganja kwenye jipsamu ya dari. Saa tatu usiku nikarudia: bado ina moto, kama sufuria ya uji iliyoepuliwa sasa hivi. Juu ya kabati la mama kuna mshumaa anaouweka kwa ajili ya umeme ukikatika. Ulikuwa umepinda, umeinama mpaka ncha imegusa mbao.

Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika leo. Mama ana miaka sabini na mbili. Tulimjengea apumzike, na yeye anapumzika uani.

Nyumba ile ina paa lililofichwa. Mnazijua, zimejaa kuanzia Sahare mpaka Pongwe, Kigamboni, Mbweni, Bagamoyo, na ng'ambo Mombasa na Kilifi ni hivyo hivyo. Ukuta unapandishwa juu mpaka unaliziba bati, mtu akipita barabarani anaona boksi safi lenye mistari. Nakubali, zinapendeza. Picha zake kwenye simu ndizo zilizotushawishi, nami nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Lakini ili kupata sura ile tumekata kitu kimoja ambacho nyumba ya pwani haiwezi kuishi bila yake: upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta.

Upenu ulikuwa unafanya kazi mbili kwa pamoja, na ndiyo maana ulipoondoka tulipata hasara mbili kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ni kivuli. Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata likisogea haliendi mbali: adhuhuri ya Juni huegemea kaskazini nyuzi 28 hivi, Desemba huegemea kusini nyuzi 18. Jua la juu namna hiyo ni rahisi mno kulizuia. Upenu wa sentimita 60 tu unautia ukuta wa kaskazini kivuli cha zaidi ya mita 1 adhuhuri ya Juni, na ukuta wa kusini karibu mita 1.8 Desemba. Maana yake dirisha linakaa wazi, pazia limefunguliwa, mwanga unaingia ukiwa umetulia, mwanga wa anga na wa uani, bila jua lenyewe kukanyaga kitanda. Ondoa upenu, jua linagonga kioo. Mwenye nyumba anashusha pazia. Pazia likishuka anawasha taa. Kiza cha mama kimetoka hapo. Madirisha yake ni makubwa kuliko yote tuliyokulia nayo, na anaishi kwenye kiza kuliko tulivyoishi sisi.

Kazi ya pili ni hewa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Bati la rangi ya mkaa, kama lile tulilomwezekea mama, likipigwa na jua la saa saba huvuka nyuzi joto 60 bila shida. Chini yake kuna kenchi, mbao zinazobeba bati, chini ya kenchi kuna jipsamu, na katikati kuna hewa iliyofungiwa. Zamani hewa ile haikufungiwa. Pale bati lilipoukuta ukuta palikuwa na mwanya, upepo wa kusi au wa kaskazi unaingia upenuni, unapita juu ya dari, unatoka upande wa pili au kwenye matundu ya ukuta wa pembeni karibu na kofia ya paa. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo tundu la chini linavuta na tundu la juu linatoa. Hakuna mota, hakuna LUKU. Nyumba za Ngamiani hapa Tanga, zile za ukumbi katikati na vyumba huku na huku mpaka uani, nyingi hazikuwa na dari kabisa na kuta za vyumba hazikufika batini. Ndiyo, siri hazikukaa, kikohozi cha mpangaji wa mwisho kilisikika barazani. Lakini nilizaliwa humo na sikumbuki bibi yangu kulala nje kwa sababu ya joto, isipokuwa alipotaka mwenyewe.

Sasa tumeziba kila kitu. Fundi wetu alijaza tofali na udongo wa saruji mpaka likagusa bati, akapiga plasta, akasema nyumba imekaza. Imekaza kweli. Nilipofungua mfuniko wa dari kwenye korido nikainua kichwa, joto lilinipiga usoni nikafumba macho. Bati liliwaka kutwa, hewa haikuwa na pa kwenda, na jipsamu ikawa inaoka waliolala chini yake mpaka usiku wa manane.

Mtaniambia mbu. Hoja hiyo naiheshimu, malaria imetuzikisha watu. Ni kweli mbu wa malaria wanapenda kuingilia kwenye mwanya wa upenu, na watafiti wetu wa Taasisi ya Afya Ifakara wameufanyia kazi mwanya huo kwa miaka. Lakini dawa ya mbu ni wavu. Tukiziba kwa zege, tunamfungia mbu nje pamoja na hewa. Weka wavu, na pwani usiweke wa chuma, chumvi itaula kabla mtoto hajamaliza darasa la kwanza. Weka wa plastiki au wa aluminiamu. Wavu unapunguza hewa, kwa hiyo ongeza ukubwa wa tundu.

Mvua ya masika? Tofali za matundu zenye mteremko zinaitoa nje. Popo? Wavu huo huo.

Na kiyoyozi, kwa heshima zote, mstaafu anakiwasha siku mbili akaona yuniti zilivyokwenda, siku ya tatu anachukua mkeka.

Kwa anayetaka kipimo: kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi Marekani zinataka uwazi wa mita 1 ya mraba kwa kila mita 150 za mraba za dari, na nusu yake inaruhusiwa ukiyagawa matundu vizuri kati ya chini na juu. Nyumba ya mita 12 kwa 10 inahitaji basi mita 0.8 za mraba, sawa na dirisha dogo moja la chooni na la jikoni ukiyaunganisha. Kwa hicho tu tunawanyima wazee wetu usingizi.

Sitasema hewa peke yake inamaliza. Joto jingi la bati linashuka kama mionzi, bati linaiangalia jipsamu uso kwa uso, na upepo ukipita katikati hauikatizi. Ndiyo maana rangi ya bati ni muhimu kama tundu. Nyeupe. Nyeusi na rangi ya mkaa ziacheni kwa watu wa baridi.

Aprili, kabla mvua hazijashika, tukarudi na fundi mwingine. Akavunja matundu sita upande wa chini wa paa na sita upande wa juu, juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, akaweka tofali za matundu na wavu nyuma yake. Bati likapigwa rangi nyeupe. Upande wa magharibi, ambako jua la saa kumi linakuja chini chini na upenu wa kawaida hauliwezi, tukasimamisha nguzo nne na kipenu cha makuti mbele ya dirisha la mama. Juu ya milango ya vyumba tukatoa mbao tukaweka kioo, korido ikapata mwanga wa kuazima. Madirisha ya kuslaidi, yanayofunguka nusu tu hata ufanyeje, tumeyaacha mpaka tupate pesa, nataka ya luva, yale ya vipande vya kioo vinavyofunguka vyote.

Juzi nilikwenda tena, saa nane ile ile. Nikapiga hodi, akaitika kutoka ndani. Alikuwa kakaa kitandani karibu na dirisha, pazia limesukumwa pembeni, taa imezimwa, anasuka ukili wa rangi tatu. Akaniambia nikae, nisimzibe mwanga.

Jirani yake wa mkono wa kulia amefika kwenye lenta. Nimemwona fundi wake akipandisha ukuta kuficha bati. Kesho asubuhi, kabla hawajapaua, naenda kumpigia hodi.