Uliza miaka kabla ya mshahara

Mtu akipata kazi ughaibuni huuliza mshahara, kisha nyumba. Kuhusu pensheni haulizi. Mimi naona ingetangulia, maana uzee wa mhamiaji unaweza kuharibiwa na kitu kidogo tu: mwaka mmoja ambao hakuumalizia.

Nchi nyingi huweka idadi ya chini ya miaka ya kuchangia kabla ya kukulipa pensheni. Ujerumani inataka 5, Uingereza 10, Hispania 15. Marekani huhesabu krediti 40, yaani alama unazopata kwa kufanya kazi na kuchangia, na kwa kuwa mwaka mmoja hautoi zaidi ya 4, nayo ni miaka 10. Ukiondoka na miaka 9, huenda usipate hata senti, japo kila mwezi ulikatwa.

Kinachookoa ni mikataba ya hifadhi ya jamii. Ndani ya Umoja wa Ulaya miaka ya nchi mbalimbali hujumlishwa, kisha kila nchi hulipa fungu lake. Kwingineko inategemea nani amesaini na nani. Kulijua hilo ni kazi ya jioni moja, na watu huiahirisha miaka ishirini!

Wengine hukimbilia kurudishiwa michango. Ujerumani huwaruhusu baadhi ya wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya kuomba hivyo, miezi 24 baada ya kuacha kuchangia. Lakini wanachorudishiwa ni kile walichokatwa wao. Cha mwajiri hubaki, na miaka yenyewe hufutika. Mimi nisingekubali, labda shida iwe imenifika shingoni.

Halafu utazeekea wapi? Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa mstaafu aliyeko Marekani au Umoja wa Ulaya. Aliyehamia Kanada au Australia hubaki na kiwango kilekile, bei zipande zisipande. Nayo Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi, na bili ya hospitali huja wakati huna tena nguvu za kurudi kazini. Kuhusu sarafu sina mengi: kama utalipwa kwa moja na kula kwa nyingine, weka akiba katika zote mbili.

Na makaratasi, jamani. Hati za mishahara, mikataba ya kazi, namba ya uanachama: vitunze vyote, na uombe taarifa ya michango yako kabla hujafungasha, ungali unaweza kufika dirishani mwenyewe. Kampuni hufungwa. Miaka thelathini baadaye, atakayedaiwa ushahidi ni wewe.